Helmeti mpya iliniumiza wiki mbili, kumbe dawa ilikuwa kwenye sponji za ndani (uzoefu wangu)

Hii helmeti yangu ya pikipiki ya kufunika uso mzima nina miezi minane nayo sasa, naivaa kila siku asubuhi na jioni, na kuna wikiendi naendesha masaa matatu manne mfululizo, kwahiyo ninachoandika hapa nimekipitia mwenyewe. Wiki mbili za kwanza nilitaka kuiuza kabisa. Nikiendesha nusu saa tu paji la uso linaanza kuuma, nikiivua nakuta alama nyekundu juu ya nyusi, halafu mashavu yamebanwa hadi nikiongea najing'ata kwa ndani.

Niliyokuwa nayo kabla ya hii ilikuwa XL, niliijaribu ikaingia laini nikaona ndo saizi yangu. Haikuwa. Nikifika spidi ya 80 inaanza kunyanyuka na upepo, nikigeuza shingo kuangalia nyuma uso unageuka ila helmeti inabaki palepale na ukingo wake unaniziba jicho moja, yaani pale unapotaka kuona ndo huoni. Safari hii nikachukua tepu ya fundi cherehani nikazungusha kichwa, mbele inapita juu ya nyusi kama sentimita 2.5 na nyuma inapita pale kichwa kilipochomoza zaidi, nikapima mara tatu, 59. Kwenye chati ya watengenezaji 59 hadi 60 ni L, nikachukua L.

Sasa tepu inakupa mzunguko tu, umbo haikuambii. Kuna watu vichwa vyao vya duara na kuna wenye kichwa kirefu kutoka mbele kwenda nyuma na chembamba kwa pembeni, mi ni huyo wa pili, na hii helmeti ndani iko duara kidogo. Ndo maana ilikuwa inakandamiza paji la uso huku juu ya masikio naweza kupenyeza kidole bila shida. Ningerudi XL paji lingepona lakini kote kungelegea na ningerudi kwenye ule ule ubovu wa zamani.

Kilichonifanya nisiiuze ni kwamba sponji zake zote zinatoka. Ile ya juu ya kichwa imeshikwa na vishikizo vya kubonyeza, unavuta taratibu inaachia, na nilipoigeuza nikakuta sehemu ya paji ina tabaka jembamba la milimita 5 linalobandukika. Nikalibandua. Halafu kwenye boksi kulikuwa na vipande viwili vya ziada ambavyo sikuwa nimejua kazi yake, nikavipachika pembeni juu ya masikio ambako kulikuwa na uwazi. Nikavaa nikakaa nayo ndani saa nzima bila hata kuwasha pikipiki, maumivu hayakuja, alama nyekundu hakuna. Kazi yenyewe haikufika hata dakika kumi na mi nilishateseka wiki mbili!

Mashavu sikuyagusa. Nilikuwa karibu kuagiza sponji nyembamba, maana zinauzwa kwa unene tofauti, lakini nikasubiri kwanza na nafurahi nilisubiri, sponji mpya za mashavu zinatakiwa zibane, baada ya kama masaa 20 ya kuivaa zililala zenyewe na sasa zimekaa vizuri, nikitikisa kichwa ngozi ya shavu inaenda pamoja na helmeti. Kubana kwa mashavu kunapungua kadri unavyoitumia, ila maumivu ya sehemu moja kama paji la uso usitegemee yataisha kwa kuzoea, yale ni ya umbo.

Kuna mtu alinishauri nikandamize ile foma ngumu nyeupe iliyo nyuma ya sponji kwa mgongo wa kijiko ili ipate nafasi. Jamani msifanye hivyo, tafadhali. Ile foma ndo inayopondeka ukianguka ili nguvu ya kishindo isifike yote kichwani, na ikishapondeka hairudi, kwahiyo ukiiponda mwenyewe nyumbani pale hauna kinga tena. Hata kuitundika kwenye kioo cha pikipiki nimeacha, ncha ya kioo inachimba foma ndani kidogo kidogo na hutaona maana kitambaa kimefunika.

Mkanda wa kidevuni ni wa zile pete mbili za umbo la D, unapitisha kwenye zote mbili halafu unarudisha katikati yao na kuvuta. Siku za mwanzo inachelewesha, sasa nafunga hata na giza. Naubana hadi vidole viwili tu ndo vinapenya. Halafu nikamwomba kaka yangu ashike helmeti kwa nyuma chini aisukume juu kuja mbele, kwa nguvu kabisa, ikagoma kutoka. Ile XL nilimpa aijaribu hivyo hivyo na mkanda ukiwa umefungwa, ikavuka kidevu. Nimeendesha nayo ile kitu mwaka mzima!

Kama masikio yanakunjika ukivaa, shika mikanda yote miwili uivute nje upanue mdomo wa helmeti ndo uingize kichwa. Miwani navua kwanza nairudisha baadae, mikono ya miwani iliyonyooka inaingia vizuri, iliyopinda inachoma nyuma ya sikio.

Sponji nazifua kwa mkono na sabuni laini, naanika kivulini, zinakauka usiku kucha. Hapo naipa tano kwa tano.

Ambacho bado sijaridhika nacho ni kioo cha helmeti cha mbele ya uso, kukiwa na baridi au mvua kinaingia ukungu haraka, inabidi nifungue matundu ya kidevuni au niache kioo wazi kidogo na maji yanaingia. Na kelele za upepo kwenye spidi kubwa ziko juu kuliko nilivyotegemea, safari ndefu naweka vizibo vya masikio. Shingo haichoki, helmeti ina gramu 1500 tu. Niliweka tena lile tabaka la paji wiki iliyopita kuona kama kichwa kimezoea, dakika arobaini alama ikarudi, nimelitoa moja kwa moja.