Mwaka Mmoja na Meza ya Kugusa

Nianze na siku ya tatu, maana siku mbili za kwanza kila mtu huipenda. Asubuhi hiyo ramani iliyokuwa kwenye meza yetu mpya, ambayo uso wake wote ni skrini ya kugusa, ilianza kutembea yenyewe. Hakuna aliyekuwa ameigusa, lakini ilikuwa inakua, inasinyaa, mara inakimbilia kona moja, mpaka mwenzangu akasema ofisi imeingiwa na jini.

Jini lenyewe lilikuwa jua. Meza yetu, ya inchi 40, huona vidole kwa miale ya infraredi, isiyoonekana kwa macho yetu: kidole kikigusa kioo kinairudisha miale hiyo chini, na vihisi vilivyo ndani ya skrini vinajua kimegusa wapi. Sasa jua nalo limejaa miale hiyohiyo. Likipenya dirishani likaanguka juu ya kioo, meza inadhani imeguswa na vidole ishirini kwa mpigo. Taa za halojeni zilizokuwa juu yake zilikuwa zinafanya vilevile, kwa kiasi kidogo zaidi. Tulifunga mapazia, tukaweka taa za LED, jini likahama.

Kazi yetu ni kupanga njia za mabomba ya maji. Zamani tulikuwa tunakaa mbele ya ukuta wenye picha ya projekta, mmoja ameshika kipanya, wengine wanapiga kelele: "Kushoto kidogo. Hapana, umepita. Rudi!" Mwenye kipanya ndiye aliyekuwa mwenye mkutano, hata kama hajui chochote kuhusu mabomba. Meza iliuvunja utawala huo. Tunasimama kuizunguka, watano au sita, na anayetaka kusema jambo anaweka kidole mahali penyewe.

Kuna mzee mmoja kwenye timu yetu, fundi wa miaka mingi, ambaye mbele ya projekta sijawahi kumsikia akitoa hoja. Wiki ya pili ya meza aliinama, akachora mstari kwa kidole kuzunguka kilima, akasema, "Mkilipitisha pale mlipochora, maji hayatapanda." Tukawasha mistari ya mwinuko, tukaona ni kweli. Sidhani kama alikuwa anaficha ujuzi wake siku zote zile. Ni kwamba yeye husema kwa mikono, na kipanya hakikumpa nafasi hiyo. Kwangu mimi meza ilijilipa siku ile, na malalamiko yote yanayofuata yasomwe hivyo.

Na malalamiko ninayo. Kubwa kuliko yote ni kwamba meza hii haijui kidole ni cha nani. Mimi nimekuza ramani ili nione valvu moja, wewe upande wa pili unaivuta uone mto, na sote wawili tunapotea. Siku moja mwenzetu aliyevaa shati la mikono mirefu aliegemea ukingoni, kiwiko kikafuta kazi ya asubuhi nzima. Kinachoniudhi ni kwamba tatizo hili liliwahi kupatiwa dawa. Mwaka 2001 watafiti wa maabara ya Mitsubishi Electric walionyesha meza iliyoitwa DiamondTouch: ilikuwa inapitisha mawimbi dhaifu ya umeme kwenye mwili wa anayeigusa hadi kwenye kiti chake, hivyo ilijua huyu ni wa kiti cha kwanza, yule wa kiti cha tatu. Ya kwetu imetengenezwa miaka mingi baadaye, na haijui.

Halafu kuna suala la juu na chini. Kwenye meza, maandishi yaliyonyooka kwako yamepinduka kwa aliye mbele yako. Ramani haina shida, kwa kuwa ramani husomeka pande zote ukishazoea. Jedwali la gharama ndilo linalogeuka adhabu. Programu nzuri hukuruhusu uizungushe kila karatasi kivyake. Programu iliyokuja na meza yetu haikuwa na uwezo huo, na tulilazimika kuibadilisha. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kioo ni nusu tu ya unachokinunua.

Kuandika, usijaribu. Kibodi inayotokea kwenye kioo haina kitufe unachokihisi, viganja vinaelea hewani, na baada ya sentensi tatu shingo inauma. Hata haya unayoyasoma nimeyaandika kwenye kompyuta ya kawaida. Kidole nacho ni kinene kuliko mstari wa bomba, tena kinafunika palepale kinapoelekeza. Kwa kazi ya vipimo tunarudi kwenye kipanya bila aibu. Kikombe cha chai? Meza inakiona kama kidole kikubwa. Tumekipigia marufuku.

Microsoft walipotangaza meza yao ya Surface mwaka 2007, nilikuwa miongoni mwa waliotazama wakakodoa macho. Chini ya skrini ya inchi 30 kulikuwa na kamera tano za infraredi. Unaweka kamera ya picha juu ya meza, na picha zinamwagika kuizunguka. Miaka mitano baadaye jina la Surface likahamia kwenye tableti zao, na meza ikabaki na jina la PixelSense. Kwa niliyoyaona mwaka huu sishangai. Ukiwa peke yako, tableti inashinda meza kwa kila kitu. Meza huanza kufaa anapoongezeka mtu wa tatu, na kitu mnachokitazama kiwe kikubwa kisichotosha kwenye mikono ya mtu mmoja.

Kwa hiyo anayetaka kununua aende kuijaribu na wenzake wanne, mmoja wao awe amevaa shati la mikono mirefu, na wabebe kazi yao wenyewe, wasikubali kuonyeshwa zile picha za muuzaji za samaki wa rangi. Wasimame wote, maana magoti hayana pa kuingia chini yake. Na wafungue dirisha. Muuzaji aliyetuonyesha ya kwetu mara ya kwanza alivuta mapazia kabla ya kuiwasha. Sisi tulidhani ni adabu.