Chanjo ya I-2 ya mdondo: inavyofanya kazi, na inapoharibikia

Mfugaji mwenye kuku kumi na wawili, mbuzi watatu na fedha kidogo akiuliza aanze kukinga nini, jibu letu ni mdondo, ugonjwa wa kuku wa virusi ambao wengine huuita kideri. Ukiingia kwenye banda lisilochanjwa unaweza kulifagia lote kwa siku chache, na hauna tiba. Antibiotiki zinazonunuliwa wakati shingo za kuku zimeshapinda ni fedha iliyotupwa.

I-2 ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ikilenga kuku wa vijijini. Nchini Tanzania inazalishwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA). Sifa yake kubwa ni kustahimili joto: ikiwa bado unga mkavu na imekaa gizani, hudumu hadi wiki 8 kwenye nyuzijoto 28. La Sota ya kawaida, chanjo nyingine ya mdondo, inadai friji hadi saa ya kuitumia, kitu ambacho vijiji vingi havina. Hata hivyo, kustahimili joto si kustahimili jua. Safarini ifunge kwa kitambaa kibichi, uiweke kivulini. Dukani ikae kwenye friji. Muuzaji akiishusha kutoka rafuni, iache, maana hujui imekaa hapo wiki ngapi.

Inapoharibikia zaidi ni kwenye kuchanganya. Dozi ni tone moja kwenye jicho moja, kwa kifaranga na jogoo sawasawa, lakini vidondoshi havitoi tone la ukubwa mmoja. Kwa hiyo kipime kwanza: kijaze maji safi, kishike wima, uhesabu matone yanayojaza ml 1 kwenye bomba la sindano. Yakiwa 33, kichupa cha dozi 100 kinahitaji takriban ml 3 za maji. Yakiwa 25, ml 4. Ukikisia, ama kichupa kinaisha kabla ya kuku, ama kila kuku anapata chanjo iliyopunguzwa nguvu. Maji yawe yamechemshwa na kupoa kabisa. Ya bomba yenye klorini yanaua virusi vya chanjo. Yakilazimu, yaache wazi usiku kucha.

Mshike kuku kwa ubavu, jicho likiangalia juu. Kidondoshi kiwe wima na kisiguse jicho. Kikiwa na kiputo cha hewa, tone hutoka dogo, basi rudia. Subiri apepese ndipo umwachie. Kazi hii ni ya alfajiri, kabla ya kufungulia. Saa nne asubuhi utakuwa unakimbiza mitetea migombani. Chanjo iliyokwisha kuchanganywa itumike siku hiyo hiyo.

Inaweza kutolewa kwenye maji ya kunywa pia, ila kinga huwa dhaifu zaidi kwa sababu wengine hunywa kidogo na wengine hawanywi. Kwa kuku wachache hatuoni sababu ya kuacha jicho.

Kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka, na hushuka baada ya miezi kama minne. Ndiyo maana ratiba ya Januari, Mei na Septemba inafaa: ni rahisi kuikumbuka. Anayechanja mara moja kwa mwaka kisha akalalamika kuwa chanjo ni feki, kosa ni la kalenda. Kosa jingine ni kuchanja kuku waliokwishaambukizwa: watakufa vilevile, na mchanjaji akienda nyumba ya pili anaweza kuubeba ugonjwa kwenye viatu na mikono yake.

Lawama yetu kubwa kwa bidhaa yenyewe ni ukubwa wa kichupa. Mwenye kuku 12 anatumia matone 12, mengine yanamwagwa. Dawa ya hilo ni majirani kuchanga na kuchanja asubuhi moja, ambayo pia inaziba mianya ya ugonjwa kuzunguka mtaa.

I-2 haikingi magonjwa mengine ya kuku kama ndui wala gumboro, usiuziwe hivyo. Na wale mbuzi watatu? Wao wanafuata: chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo, sindano moja, hukinga miaka mitatu au zaidi, na hiyo inahitaji ubaridi kweli kweli, kwa hiyo muulize afisa mifugo wa kata tarehe ya kampeni badala ya kuihangaikia peke yako.