The Hague au Arusha: hukumu ipi huigusa serikali?

Tofauti yaanzia mlangoni. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, hupokea kesi za nchi dhidi ya nchi tu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, yaweza kumsikiliza hata mtu mmoja, mradi nchi yake imetoa tamko la kumruhusu.

Huko The Hague, Kongo iliishtaki Uganda kwa uvamizi, ikashinda mwaka 2005. Kiasi cha fidia kikaja kupangwa 2022: dola milioni 325, kwa awamu tano za milioni 65. Uganda ililalamika sana, lakini awamu ya kwanza ikailipa mwaka huohuo. Kwa aliyebomolewa nyumba yake kwa mizinga Kisangani, miaka 17 ni mingi mno. Ila hela ilitoka.

Arusha, Mchungaji Christopher Mtikila, mwanasiasa wa Tanzania, aliishinda serikali yake mwaka 2013: kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki za raia. Katiba ya Tanzania haikubadilishwa, na mwaka 2019 serikali ikaliondoa tamko lake. Linaniuma hilo, maana mahakama yenyewe iko nyumbani kwetu. Hata hivyo naipa Arusha uzito zaidi: Mtikila hakuhitaji serikali yoyote imsemee.