Mazabodi mpya, leseni ya zamani: huduma ya duka moja la kompyuta, Mlandege

Kompyuta mpakato ninayowekea hesabu za nyumba ya wageni hapa Mji Mkongwe iligoma kuwaka baada ya umeme kukatika na kurudi mara tatu ndani ya saa moja. Niliipeleka kwenye duka la ufundi Mlandege, ambalo sitalitaja jina kwa kuwa ninalo la kulisifu na la kulilaumu.

Kazi ya mikono ilikuwa safi. Fundi aliifungua mbele yangu, akanionesha kutu iliyoletwa na hewa ya chumvi kwenye ubao mkuu, ambao wao huuita mazabodi, na baada ya siku tisa akafunga mwingine wa aina ile ile kwa shilingi 420,000. Ule mbovu alinirudishia bila kuombwa.

Tatizo ni leseni. Nilipouliza mapema Windows itakuwaje, nilijibiwa, "Hilo dogo, sheikh, tutakuwekea nyengine." Kumbe hiyo nyengine ni ya kukreki, yaani iliyovunjwa kinga ili itumike bila leseni halali. Windows inayokuja na kompyuta kutoka kiwandani hufungamana na mazabodi, na tangu Windows 8 namba yake huhifadhiwa humo humo, hivyo ubao ukibadilishwa mfumo huiona kompyuta kuwa ngeni. Hata hivyo, masharti ya Microsoft huiacha leseni hiyo iendelee ikiwa ubao uliobadilishwa ulikuwa na hitilafu na mpya ni wa aina ile ile, au ni ule ambao mtengenezaji anaukubali kuwa badala yake. Duka linalobadilisha mazabodi kila wiki lilipaswa kulijua hili kabla yangu.

Mambo yalizidi pale skrini iliponidai tarakimu 48 za BitLocker, kinga ya Windows inayoifunga diski isisomwe na mtu mwingine, kwani kifaa kinachotunza siri ya diski nacho kiliondoka na ubao wa zamani. Fundi alishauri diski ifutwe, yaani hesabu zangu za miezi minane ziende na maji! Tarakimu hizo nilizikuta kwenye akaunti yangu ya Microsoft, na kwa kuwa leseni nilikuwa nimeiunganisha na akaunti hiyo hiyo, jambo linalowezekana tangu 2016, niliingia kwenye mipangilio, nikaeleza kwamba nimebadilisha kifaa, nikaiteua kompyuta yangu, na Windows ikakubali. Office, niliyoinunua mara moja bila malipo ya kila mwaka, ilitaka niingie upya tu. Kwa kawaida huhamishwa kwenda kompyuta nyingine ya mwenyewe si zaidi ya mara moja kila siku 90, lakini kifaa kikiharibika muda huo hausubiriwi.

Kwa vifaa nitarudi kwao. Risiti yao iliandika mazabodi na dhamana ya miezi mitatu, pasipo neno juu ya programu, nami nikamwomba fundi aongeze kwa kalamu kwamba hakuweka yoyote. Aliandika, akatia na muhuri.