Vidonge, sindano, kijiti au kitanzi: njia za kupanga uzazi zilizopo Lubumbashi, zimepimwa moja moja

Kuanzia farmasi kubwa za katikati ya mji hadi vibanda vya dawa vinavyozunguka soko la mtaa wa Kenya, wateja huuliza swali lilelile: ipi ni nzuri? Muuzaji hujibu kwa kutaja iliyopo kwenye rafu. Sisi tunazipima kwa kigezo kimoja: njia inakudai nini ukishafika nyumbani, na siku utakayosahau, itakusamehe au haitakusamehe?

Hesabu za Shirika la Afya Duniani zinasaidia. Chukua wanawake 100 wanaotumia njia fulani kwa mwaka mzima, kwa jinsi watu wanavyotumia kweli majumbani. Kwa vidonge, 7 watapata mimba. Kwa sindano ni 4, kwa kondomu ya kiume 13, kwa kumwaga nje 20. Kwa kitanzi cha shaba hafiki hata mmoja, na kwa kijiti ni mmoja katika wanawake 1,000. Wasiotumia chochote ni 85. Sasa angalia hili: homoni ya levonojestreli iliyomo kwenye vidonge vya Microgynon ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye vijiti vya Jadelle. Dawa ni moja. Kilichotofautiana ni nani mwenye kazi ya kukumbuka.

Vidonge

Microgynon ina mikrogramu 30 za ethinilestradioli na 150 za levonojestreli katika kila kidonge cha kazi. Vidonge vya kazi ni 21. Pakiti yenye 28 ina 7 zaidi vya kahawia ambavyo ni madini ya chuma tu, vya kukulinda usikatishe mazoea ya kumeza. Ukianza ndani ya siku 5 za kwanza za hedhi, unalindwa papo hapo. Ukianza siku nyingine yoyote, na huna mimba, tumia kondomu kwa siku 7 za mwanzo.

Wengi huharibikiwa kwenye kusahau, na ushauri wanaopewa mtaani ("tupa pakiti, ngoja mwezi ujao") ndio mbaya kuliko yote. Ukisahau kidonge kimoja au viwili vya kazi, meza kimoja mara unapokumbuka, hata ikibidi umeze viwili siku moja, kisha endelea. Ukisahau vitatu au zaidi mfululizo, meza kimoja mara moja, endelea na pakiti, na tumia kondomu siku 7. Ikiwa umesahau katika wiki ya tatu, achana na vile vya kahawia na uanze pakiti mpya siku inayofuata kidonge cha mwisho cha kazi. Ukisahau katika wiki ya kwanza na ukawa umelala na mwanaume, fikiria kidonge cha dharura. Kusahau vya kahawia hakuna hasara yoyote.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi: kutapika na kuhara ni sawa na kusahau. Ukitapika ndani ya saa 2 baada ya kumeza, meza kingine. Kuhara kukizidi siku mbili, hesabu kama vidonge vilivyokosekana. Katika mji ambao kipindupindu hakijaisha, si habari ndogo.

Vidonge hivi havimfai mwanamke mwenye presha ya 140/90 au zaidi, mvutaji sigara aliyefika miaka 35, mwenye kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni, aliyewahi kuganda damu mguuni au mapafuni, wala anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi 6. Muuzaji anayekupa bila kukupima presha hajakufanyia kazi. Anayenyonyesha ana Microlut: vidonge 35, vyote vya kazi, hakuna mapumziko kati ya pakiti. Lakini saa ni sheria. Asiyenyonyesha tena akichelewa zaidi ya saa 3, ameze mara moja na atumie kondomu siku 2.

Kwa maoni yetu, vidonge ni njia nzuri kwa mwenye ratiba tulivu na mahali pa kuviweka bila kuficha. Kwa anayeficha chini ya godoro na kumeza pale nafasi inapopatikana, ni chaguo dhaifu.

Sindano, hasa ile ya kujidunga

Depo-Provera, miligramu 150 msulini, inajulikana na kila muuguzi. Sayana Press ni dawa ileile kwa dozi ndogo, miligramu 104 katika mililita 0.65, ndani ya kifuko kidogo cha plastiki chenye sindano fupi tayari. Huingia chini ya ngozi, ndiyo maana mwanamke anaweza kujidunga mwenyewe akishafundishwa. Kati ya vyote vilivyopo hapa mjini, hiki ndicho tunachokipa alama za juu kwa anayeishi mbali na kituo.

Namna yake ni hii. Osha mikono. Chagua tumbo, mbali na kitovu, au mbele ya paja. Fungua pakiti, shika kifuko kwenye shingo yake ngumu na ukitikise kwa nguvu sekunde 30, mpaka dawa iwe nyeupe kama maziwa bila tope lililobaki chini. Kisha sukuma kifuniko cha sindano kuelekea shingoni mpaka nafasi iliyoko katikati ifungike kabisa. Hapa ndipo wengi hukosea: nafasi isipofungika, njia ya dawa haijafunguka, na utaminya mpaka uchoke bila dawa kutoka. Toa kifuniko, bana ngozi iinuke, choma sindano ikiwa imeelekea chini hadi shingo iguse ngozi. Minya polepole, sekunde 5 hadi 7. Chomoa ndipo uachie ngozi. Usisugue, kwa sababu kusugua huharakisha dawa kuisha. Usirudishe kifuniko. Tia kwenye kopo gumu lenye mfuniko ulipeleke kituoni. Kama dawa nyingi imemwagika juu ya ngozi, usijidunge nyingine: tumia kondomu na uende kuonwa.

Hurudiwa kila miezi 3. Unaweza kuwahi kwa wiki 2 au kuchelewa hadi wiki 4 na bado ukapewa bila maswali mengi. Huo ndio msamaha ambao vidonge havina. Ihifadhiwe kati ya nyuzi 15 na 30, kwa hiyo friji haifai, na wala kabati lililo chini ya bati mwezi wa Oktoba halifai. Iweke sehemu ya chini ya nyumba, upande usiopigwa na jua.

Malalamiko makubwa ni damu. Miezi ya mwanzo hutoka ovyo, baadaye kwa wengi hedhi hupotea kabisa. Damu haijifichi tumboni wala haigeuki uvimbe: utando wa kizazi umekuwa mwembamba, hakuna cha kumwagika. Uzito huongezeka kwa wastani wa kilo 1 hadi 2 kwa mwaka. Na kabla ya kuchoma, jua kwamba sindano haitolewi. Mimba baada ya kuacha huchukua wastani wa miezi 10 tangu dozi ya mwisho, kwa hiyo anayetaka mtoto mwaka ujao achague kitu kingine.

Kijiti

Jadelle ni vijiti 2 vya miaka 5. Implanon NXT ni kimoja, na pakiti yake imeandikwa miaka 3. Huwekwa chini ya ngozi ya upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko, baada ya sindano ya ganzi. Mahali pale pakae pakavu siku 4. Jadelle ikiwekwa ndani ya siku 7 za kwanza za hedhi, au Implanon NXT ndani ya siku 5, kinga ni ya papo hapo. La sivyo, kondomu siku 7.

Kwa nguvu ya kuzuia mimba hakuna cha kukishinda. Udhaifu wake uko kwenye kutoa. Wauguzi wanaojua kuweka ni wengi kuliko wanaojua kutoa kijiti kilichozama, na kuna mahali kuweka ni bure halafu kutoa kunalipiwa. Uliza bei ya kutoa siku ya kuwekwa. Mara baada ya kuwekwa, kipapase kwa vidole mbele ya muuguzi. Usipokisikia, usiondoke mpaka kieleweke kiko wapi, maana kilichowekwa kwa kina kirefu ndicho kinachosumbua baadaye. Omba kadi yenye jina la kijiti na tarehe. Mwenye kilo 80 au zaidi akiwa na Jadelle, ahesabu miaka 4.

Damu ya matone isiyokatika ndiyo inayowafanya wengi wakitoe mapema. Ibuprofeni miligramu 800 mara 3 kwa siku baada ya chakula, kwa siku 5, mara nyingi huipunguza, ila mwenye vidonda vya tumbo asiiguse.

Tahadhari moja inayosahaulika hata vituoni: rifampisini ya kifua kikuu na efavirenzi ya VVU hudhoofisha kijiti, na vidonge pia. Sindano ya miezi 3 na kitanzi cha shaba hazidhuriki.

Kitanzi

T ya shaba 380A hukaa miaka 10 na haina homoni. Ni njia bora isiyopendwa, na sehemu kubwa ya kutopendwa kwake ni uvumi: hakipandi moyoni, hakimchomi mwanaume. Kasoro za kweli ni hedhi nzito na tumbo kukata katika miezi 3 hadi 6 ya kwanza, na kwamba kinaweza kutoka chenyewe, hasa miezi ya mwanzo. Rudi kukaguliwa kati ya wiki ya 3 na ya 6. Mwenye kisonono au klamidia atibiwe kwanza. Mwenye upungufu mkubwa wa damu afikirie kijiti badala yake. Kinahitaji mkunga mwenye mkono mzoefu, kwa hiyo hapa msaidizi wa kibandani hahusiki. Nenda hospitali kama Sendwe au kituo chenye huduma ya uzazi.

Kondomu

Ndiyo pekee inayozuia pia magonjwa, kwa hiyo inaweza kuongezwa juu ya njia yoyote iliyotajwa. Kondomu ya Prudence iliyokaa juani kwenye meza ya mchuuzi usiinunue, hata kama tarehe bado. Bonyeza pakiti: isiposukuma hewa, imetoboka. Chana kwa vidole, bana ncha, kunjua mpaka mwisho. Ukiivalisha kinyume, tupa, chukua nyingine. Mwanaume atoke angali mgumu akiwa ameshika shina. Mafuta ya mawese, Vaseline na losheni huozesha mpira ndani ya dakika chache. Kuvaa mbili kwa pamoja huzidisha kupasuka.

Shanga na kunyonyesha

Wanaozuiwa na imani, na wako wengi katika parokia za mji huu, wana kolye (mkufu) ya shanga 32. Sogeza pete shanga moja kila asubuhi. Nyeupe, yaani siku ya 8 hadi ya 19 tangu hedhi ianze, ni za kujizuia. Inamfaa tu mwenye mzunguko wa siku 26 hadi 32. Hata hivyo 12 kati ya 100 hupata mimba kwa mwaka. Kunyonyesha kunalinda vizuri kabisa pale masharti matatu yanapokutana: mtoto hajafika miezi 6, hapewi uji wala maji, na hedhi haijarudi. Moja likivunjika, kinga imekwisha siku hiyo.

Dharura

Levonojestreli miligramu 1.5 mara moja. Kama pakiti ina vidonge viwili vya 0.75, meza vyote pamoja. Kila saa inayopita hupunguza nguvu: bora ndani ya saa 72 baada ya tendo, mwisho 120. Haitoi mimba iliyokwisha shika. Pakiti nyingi huingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa zikiwa na maandishi ya Kiingereza, kwa hiyo tafuta jina la dawa na miligramu, usisome picha ya sanduku. Usipoipata, vidonge 4 vya kazi vya Microgynon, kisha 4 vingine baada ya saa 12, hufanya kazi hiyo kwa udhaifu kidogo na kichefuchefu kingi. Kitanzi cha shaba ndani ya siku 5 kinashinda vyote viwili. Maji ya chumvi, kinini na dawa za minyoo hazizuii chochote.

Mezani kwa muuguzi

Vituo kadhaa bado humrudisha mama kwa neno "njoo ukiwa mwezini". Si lazima. Kama amejifungua ndani ya wiki 4, hajalala na mwanaume tangu hedhi, au ananyonyesha kwa masharti yale matatu, hana mimba, na anaweza kuanza leo njia inayomfaa. Sheria ya Kongo (RDC) nambari 18/035 ya 13 Desemba 2018 inampa kila aliye katika umri wa kuzaa haki ya kupata njia. Uliza pia kama dozi inayofuata ipo stoo: Marekani, iliyokuwa mfadhili mkubwa, ilikata msaada mwaka 2025, na sindano inayofuata isipopatikana kwa wakati inaweza kuwa mimba. Kwa wanaomaliza uzazi, kufunga mirija kwa mama ni upasuaji. Kwa baba ni kazi fupi na rahisi zaidi, ila atumie kondomu miezi 3 baada yake, maana mbegu zilizokwisha vuka mahali palipokatwa bado zina nguvu.