Bima ya afya ukitoka kwenye kadi ya wazazi: uanze na ipi?

Kwa kijana wa Kenya, kadi ya mzazi ina mwisho. Katika SHA, bima ya afya ya serikali, mtoto hubaki chini ya mzazi hadi miaka 21, au 25 akiwa bado anasoma muda wote na hana kipato chake. Kampuni nyingi za kibinafsi hukata umri huo huo, na zipo zinazokata ukiwa na 18 kama husomi. Hatari iko pale unapohitimu na kazi bado haijapatikana. Ningepanga hivi.

Ya kwanza ni SHA yenyewe. Watu huuliza wachukue SHA au bima ya kibinafsi, lakini SHA ni lazima kisheria, na hizo nyingine hukaa juu yake. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kabla ya makato mengine: wa shilingi 40,000 hutoa 1,100 kwa mwezi. Asiye na ajira rasmi hujisajili kwa *147#, akajibu maswali kuhusu paa, maji, choo na anachopikia, kisha akapangiwa kiasi kisichopungua 300 kwa mwezi. Shida ni kwamba hulipwa mwaka mzima kwa mkupuo, na hapo ndipo vijana wa vibarua hukwama. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole uliletwa kwa ajili yao: unakopeshwa malipo ya mwaka na kurudisha kidogo kidogo. Utumie, usikae bila.

Ya pili, bima inayotolewa na mwajiri, ukiipata. Bima za kikundi mara nyingi humpokea mtu pamoja na maradhi aliyokuwa nayo tangu zamani, jambo ambalo ukinunua peke yako utalisubiria sana. Mwenye pumu, kisukari au selimundu aiweke mbele kuliko nyongeza ndogo ya mshahara. Waulize watu wa rasilimali watu kama inaanza siku ya kwanza au baada ya miezi ya majaribio.

Ya tatu, ya kibinafsi ya kulazwa pekee. Kwa asiye na mwajiri, hapa ndipo pesa ya ziada inafaa kwenda, kwa sababu bili ya kulazwa ndiyo inayowafanya wazazi kuitisha mchango. Soma vipindi vya kusubiri: ajali kwa kawaida hulipiwa mara moja, ugonjwa baada ya siku 30 hivi, upasuaji 60, uzazi karibu mwaka. Kwa hiyo nunua kabla kadi ya mama haijaisha, na uombe kampuni ya zamani barua ya kuthibitisha ulikuwa na bima. Zipo kampuni zinazopunguza muda wa kusubiri kwa barua hiyo.

Tena, mikataba mingi ya bima za aina hii huondoa kwanza kwenye bili sehemu inayopaswa kulipwa na SHA. Kwa viwango vilivyochapishwa 2024, SHA huilipa hospitali ya Level 4 (ngazi ya nne, kama ya kaunti ndogo) 3,360 kwa siku. Ukilazwa siku 5 na SHA yako haijalipiwa, 16,800 zitatoka mfukoni mwako hata ukiwa na kadi ya kampuni kubwa.

Ya nne, kuongeza matibabu ya nje. Hii hupandisha bei sana. Zahanati na vituo vya afya vya Level 2 na 3 vilivyo na mkataba na SHA humtibu aliyesajiliwa bila malipo, ingawa dawa wakati mwingine hukosekana. Iongeze kama unaenda kliniki kila mwezi. Kijana mzima asubiri.

Ya mwisho, bima ndogo za ajali pekee. Humfaa mwendesha boda kama nyongeza, basi. Malaria haimo.

Kabla ya kutia sahihi, mwambie ajenti akuonyeshe ukurasa wa yasiyolipiwa. Kisha pigia simu hospitali iliyo karibu na unapolala uulize kama bado wanapokea kadi hiyo, kwa maana hospitali na kampuni hukosana kuhusu madeni na orodha iliyochapishwa ikabaki vile vile.