TAHADHARI: Fundi wa tramu ndogo anayetibu kila ugonjwa kwa supagluu

Wapenda tramu ndogo wenzangu (mifano midogo ya treni za umeme za mjini), kabla hujafunga boksi ukampelekea mtu tramu yako kwa posta, nisikilize kidogo. Jina lake siliandiki hapa, ila dalili zake hizi: anajitangaza bingwa wa vipuri vidogo, siku ya kwanza anajibu ujumbe kabla hujamaliza kuandika, na anataka hela yote mkononi ndipo ashike bisibisi.

Yangu ni ya skeli ya 1:87, yaani ndogo mara 87 kuliko tramu halisi, na ilikuwa na matatizo mawili. Pantografu, ule mkono wa juu ya paa unaogusa waya wa umeme, haikuinuka kwa sababu springi moja ilikuwa imechomoka na kupotea, na chini kulikuwa na mlio wa "tak... tak" kila gurudumu likizunguka. Mlio huo wengi mnaujua. Giya ya plastiki hukazwa kwenye ekseli ya chuma, miaka ikipita inapasuka katikati ya meno mawili, mwanya unapanuka, na jino linagonga mara moja kila mzunguko. Dawa yake ni giya mpya. Gundi haifai, maana giya hizi mara nyingi ni za naironi au plastiki nyingine inayoteleza, na gundi haizishiki.

Bwana huyu akaniahidi giya mpya ya kiwandani na springi halisi. Baadaye akatuma picha: "Kazi imeisha mzee, tramu inateleza kama siagi." Nikafurahi kama mtoto.

Boksi lilipofika, sikuhitaji hata kuifungua tramu. Madirisha yalikuwa na utando mweupe kwa ndani, kama kioo kilichopuliziwa unga. Huo ni mvuke wa supagluu. Ukiipaka ndani ya bodi iliyofungwa, mvuke unatua kwenye plastiki angavu na kuganda hapo. Nilipofungua nikakuta giya ileile ya zamani, na ufa wake umezungushiwa gundi. Ilikwenda mizunguko miwili ya reli, kisha giya ikawa inazunguka peke yake huku ekseli imesimama.

Pantografu ndiyo iliyonitia uchungu zaidi. Springi aliyoweka ameikata kwenye kalamu, ile ya kubofya! Pantografu inatakiwa iguse waya wa juu kwa wepesi, ukiisukuma kwa kidole usihisi karibu chochote. Hii ilikuwa inausukuma waya wangu juu kama jeki, hadi kichwa chake kikapinda. Na ili kuishikiza aliichomelea kwa risasi ya kulehemu huku pantografu iko juu ya paa. Risasi ya kawaida ya umeme huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi. Plastiki ya paa inalegea kwenye 100 hivi. Paa limefanya wimbi.

Nikarudi kwenye ile picha. Tramu yangu ina kovu la rangi lililobanduka chini ya dirisha la tatu kutoka mlangoni, nimelizoea kama alama ya kuzaliwa. Kwenye picha halipo. Kumuuliza mwenzangu mmoja aliyewahi kumpelekea kazi, naye ana picha hiyohiyo.

Nilipolalamika akasema, "Mzee, plastiki ya zamani inafanya ukungu yenyewe." Uongo. Plastiki ikizeeka huwa njano taratibu. Haitoi unga mweupe ndani ya wiki mbili. Akataka niongeze hela arudie kazi. Nikamwambia basi nirudishie giya ya zamani uliyoitoa, akajibu ameitupa, wakati mimi nimeishika mkononi. Tangu hapo kimya.

Kwa hiyo fundi yeyote usiyemjua, mwambie mapema kwamba kipuri kibovu utakidai kirudi, na unataka picha ya giya mpya ikiwa kwenye ekseli kabla bodi haijafungwa. Madirisha yatoe ubaki nayo nyumbani. Utayarudishia mwenyewe kwa gundi nyeupe ya maji, ambayo haina mvuke huo. Piga picha makovu yote ya tramu yako kabla haijaondoka. Mimi sikupiga, na sasa ananiambia paa lilipinda kwangu.

Na kama umetumiwa picha ya "kazi imeisha", itazame kona ya chini kushoto. Ukiona mkeka wa kijani wenye doa la kuungua mfano wa nusu mwezi, ni yeye.